Bar, kilopaskali na mita za maji: namna ya kubadili vipimo vya presha bila kukosea

Asubuhi moja, katikati ya kipindi chetu cha maswali ya wasikilizaji, alitupigia simu mjumbe wa kamati ya maji wa kijiji kimoja cha milimani. Baada ya salamu aliingia moja kwa moja kwenye hoja: "Mtangazaji, tumenunua mabomba ya plastiki yameandikwa PN 6. Tangi letu liko juu kilimani, na fundi ametupimia kwamba kutoka kwenye tangi hadi kituo cha mwisho cha kuchotea maji kule bondeni ni mita 75 za kushuka. Wengine wanasema mabomba yatatosha, wengine wanasema yatapasuka. Fedha ni za michango ya watu. Tufukie au tusifukie?"

Hewani tulimjibu kwa kifupi: msifukie kwanza, muoneni mhandisi wa maji. Jibu lilikuwa sahihi, lakini halikumsaidia kuelewa. Yeye alikuwa na namba mbili mkononi, 6 na 75, na hakuwa na njia ya kuzilinganisha kwa sababu kila moja imeandikwa kwa kipimo chake. Baada ya kipindi tulipata meseji nyingine za aina hiyohiyo: mwendesha bodaboda aliyekuta kPa kwenye stika ya pikipiki yake, mkulima aliyenunua pampu iliyoandikwa "H 40 m", na mama aliyeona mashine ya presha ya damu ikionyesha namba asizozizoea.

Kwa hiyo tumeandika haya kwa utulivu, ili uyahifadhi kwenye simu yako na kuyafungua siku utakapoyahitaji. Jambo kubwa la kushika ni moja: namba ya presha bila kipimo chake ni nusu ya habari.

Presha ni nini hasa

Kwa Kiswahili chetu cha kila siku, tukisema mtu "ana presha" tunamaanisha ugonjwa. Darasani neno linalotumika ni kanieneo, na kwenye taarifa za hali ya hewa utasikia mgandamizo. Hapa tutatumia presha, maana ndilo neno linalojulikana na mafundi.

Presha ni nguvu inayosukuma, ikigawanywa kwa eneo inalosukuma. Mtu akipita kwenye tope na kiatu cha kisigino chembamba, kisigino kinazama. Mtu huyohuyo akivaa gambuti, hazami sana. Uzito wake haujabadilika. Kilichobadilika ni eneo lililoubeba. Ndiyo maana pia panga lililonolewa hukata na butu hukwama, ingawa mkono ni uleule.

Familia ya vipimo vya presha

Kipimo cha msingi katika mfumo wa metriki ni paskali, kifupi chake Pa. Kimepewa jina la Blaise Pascal, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662 na kuchunguza presha ya hewa na ya vimiminika. Jina hilo lilipitishwa rasmi kimataifa mwaka 1971.

Paskali moja ni nguvu ya nyutoni 1 juu ya mita 1 ya mraba. Nyutoni 1 ni kama uzito wa gramu 100. Sasa chukua chungwa dogo la gramu 100, lisage, ulipake juu ya meza yenye upana wa mita moja na urefu wa mita moja. Huo mgandamizo mdogo ndiyo paskali moja. Ni kidogo mno kwa kazi zetu, na ndiyo sababu tunatumia vipimo vikubwa zaidi:

Hektopaskali 1 (hPa) = paskali 100
Kilopaskali 1 (kPa) = paskali 1,000
Bar 1 = paskali 100,000
Megapaskali 1 (MPa) = paskali 1,000,000

Bar hii si ile ya vinywaji. Ni kipimo cha presha kinacholingana na kPa 100 kamili. Ukiigawa bar katika sehemu elfu moja unapata milibar (mbar), na milibar 1 ni sawasawa na hektopaskali 1. Majina mawili, kitu kimoja.

Kwenye geji nyingi, hasa za mashine za kujazia upepo, utakuta pia kg/cm², yaani kilo moja juu ya sentimita moja ya mraba. Hebu fikiria pakiti ya kilo moja ya sukari ikiegemea eneo dogo kama ukucha wa kidole. Presha hiyo ni bar 0.98. Kwa kazi za kawaida, kilo moja kwa sentimita ya mraba na bar moja unaweza kuzihesabu kuwa karibu sawa.

Kupanda na kushuka

Kubadili vipimo hivi hakuna tofauti na kubadili kilo za mahindi kuwa gunia. Mahindi ni yaleyale. Ukitumia chombo kikubwa, namba inakuwa ndogo. Ukitumia chombo kidogo, namba inakuwa kubwa. Kwa hiyo:

Ukitoka kipimo kidogo kwenda kikubwa, gawanya.
Ukitoka kipimo kikubwa kwenda kidogo, zidisha.

Kutoka kPa kwenda bar, gawanya kwa 100: kPa 250 ni bar 2.5.
Kutoka bar kwenda kPa, zidisha kwa 100: bar 1.8 ni kPa 180.
Kutoka MPa kwenda bar, zidisha kwa 10: MPa 0.4 ni bar 4.
Kutoka bar kwenda MPa, gawanya kwa 10: bar 6 ni MPa 0.6.

Kila ukimaliza hesabu jiulize: nimekwenda kwenye chombo kikubwa au kidogo? Kama ni kikubwa na namba yako imeongezeka, umekosea. Rudia.

Mita za maji, na swali la yule mjumbe

Maji yaliyosimama yanasukuma kwa uzito wake, na kinachohesabika ni kimo chake tu. Hili unaweza kulithibitisha mwenyewe. Chukua bomba jembamba lililosimama wima, lenye eneo la ndani la sentimita 1 ya mraba na urefu wa mita 10. Linaingia maji lita moja kamili, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo chini ya bomba kuna kilo moja juu ya sentimita moja ya mraba. Hapo unapata kanuni ya kukumbuka maisha yako yote: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa karibu bar 1. Ukitaka usahihi zaidi, mita 1 ya maji ni kPa 9.8, au bar 0.098.

Tangi likiwa pana au jembamba, presha chini ni ileile kama kimo ni kilekile. Urefu wa bomba linalopita mashambani nao hauongezi presha. Bomba linaweza kwenda kilomita tatu; kama kituo cha mwisho kiko mita 20 chini ya maji ya kwenye tangi, presha yake maji yakiwa yametulia ni bar 2 tu.

Sasa turudi kwa mjumbe wetu. Alama PN kwenye bomba la maji, pamoja na namba inayoifuata, hueleza presha ambayo bomba limetengenezwa kuihimili, kwa bar. PN 6 ni bar 6, PN 10 ni bar 10, PN 16 ni bar 16. Mita 75 za kushuka, ukizidisha kwa 0.098, ni bar 7.35. Bomba la bar 6 kwa presha ya bar 7.35 halitoshi.

Wengi hapa hukosea kwa kusema, "Lakini tulijaribu mchana na halikupasuka." Mchana bomba likiwa wazi na watu wanachota, maji yanatembea na sehemu ya presha inapotea njiani. Usiku, koki zote zikifungwa, maji yanatulia na presha yote ya kimo inashuka bondeni. Tena mtu akifunga koki kwa ghafla, maji yaliyokuwa yakikimbia hugonga na kuongeza presha kwa muda mfupi. Ndiyo maana mafundi hawalitumii bomba hadi ukingoni mwa uwezo wake, huacha nafasi.

Jambo la pili, uwezo ulioandikwa kwenye bomba la plastiki ni wa maji ya kawaida, yasiyo ya moto. Bomba likiachwa juani likapata joto, uwezo wake unapungua. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kulifukia.

Kamati ina njia mbili za kujadili na mhandisi. Ya kwanza ni kutumia PN 6 kwa sehemu ya juu tu, ambako kimo kutoka kwenye tangi bado ni kidogo, na kuweka PN 10 sehemu ya chini. Ya pili ni kujenga tangi dogo la kupunguza presha katikati ya njia. Maji yakiingia kwenye tangi lililo wazi kwa hewa, presha yake inaanza upya kutoka sifuri. Tangi hilo likiwekwa mita 40 chini ya lile la kwanza, bomba la juu linabeba bar 3.9, na la chini, lenye mita 35 zilizobaki, linabeba bar 3.4. Hapo PN 6 inatosha kote, mradi tangi la kati liwe na valvu ya boya ili lisifurike. Kwa miradi ya vijijini Tanzania, ofisi ya kwenda ni RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, katika wilaya yako.

Pampu na umwagiliaji

Pampu ikiandikwa "H 40 m" inamaanisha inaweza kupandisha maji hadi kimo cha mita 40, yaani karibu bar 4. Mara nyingi hicho ni kiwango cha juu kabisa, ambapo maji hutoka kidogo sana au hayatoki. Kama shamba lako liko mita 38 juu ya mto, pampu hiyo itakuchosha.

Kwa umwagiliaji wa matone, soma karatasi ya mipira. Ikiandikwa bar 1, maana yake tangi linapaswa kuwa mita 10 juu ya shamba. Ukiweka simtanki kwenye mnara wa mita 2 unapata bar 0.2 tu, na mistari ya mwisho ya mboga itabaki mikavu. Ipo mipira iliyotengenezwa kwa presha ndogo ya namna hiyo. Iulizie kabla ya kulipa.

Kuna pampu zinazokaa juu ya ardhi na kuvuta maji kutoka kisimani. Hapa kinachoyapandisha maji kwa kweli ni presha ya hewa inayosukuma maji ya kisimani kutoka nje. Usawa wa bahari, hewa ina presha ya karibu hPa 1013, ambayo ni sawa na mita 10.3 za maji. Kwa hiyo hakuna pampu ya kuvuta, hata iwe na injini kubwa kiasi gani, itakayovuta zaidi ya hapo. Kwa vitendo ni kama mita 7. Nyanda za juu, kwenye mita 2,000 juu ya bahari, hewa ina karibu hPa 800 tu, na ukomo wa hesabu unashuka hadi mita 8; kwa vitendo mita 5 au 6. Kisima kikiwa kirefu kuliko hapo, nunua pampu ya kuzamisha.

Tairi na upepo

Stika ya pikipiki inaweza kusema tairi la nyuma kPa 225 ukibeba abiria. Geji ya fundi pancha ikiwa ya bar, gawanya kwa 100, jaza bar 2.25. Ikiwa ya kg/cm², jaza 2.3.

Mafundi wengi hutumia psi, ambayo si ya metriki lakini imezoeleka mno. Ukisikia "weka thelathini", ni psi 30. Bar 1 ni psi 14.5, na psi 1 ni kPa 6.9. Kwa hiyo kPa 225 ni kama psi 33. Pima tairi likiwa limepoa, kabla ya safari, kwa sababu upepo ukipata joto presha hupanda.

Geji ya tairi husoma sifuri tairi likiwa limeisha upepo, ingawa hewa inayotuzunguka ina presha yake. Geji inapima kilichozidi juu ya hewa ya nje. Mabomba ya maji na mashine za presha ya damu nazo hupima hivyo. Taarifa za hali ya hewa ndizo zinazotaja presha yote ya hewa yenyewe.

Gesi ya kupikia

Regyuleta nyingi za majiko ya nyumbani zimeandikwa mbar 30 au karibu na hapo. Hiyo ni bar 0.03, au kPa 3. Ndani ya mtungi gesi iko kwenye presha ya bar kadhaa, na kazi ya regyuleta ni kuishusha. Zipo regyuleta za majiko makubwa ya kibiashara zinazofika bar 2. Namba 2 inaonekana ndogo kuliko 30, lakini bar 2 ni milibar 2,000, zaidi ya mara 60. Usifunge regyuleta hiyo kwenye jiko la nyumbani kwa sababu tu imeingia kwenye mtungi.

Presha ya damu

Hospitalini presha ya damu hupimwa kwa milimita za zebaki, mmHg. Zebaki ni madini ya majimaji yenye uzito karibu mara 13.6 ya maji, na kipimo hiki kilitokana na majaribio ya Mwitaliano Evangelista Torricelli miaka ya 1640. Presha ya hewa ya usawa wa bahari husimamisha zebaki kwa milimita 760.

Baadhi ya mashine za nyumbani zinaweza kuonyesha kPa. Kubadili mmHg kuwa kPa, gawanya kwa 7.5. Hivyo 120 kwa 80 ni kPa 16 kwa 10.7, na 140 kwa 90 ni kPa 18.7 kwa 12.

Ukiona 18.7 kwa 12, usidhani damu imeshuka. Zidisha kila namba kwa 7.5 na utagundua ni 140 kwa 90, kiwango ambacho wahudumu wa afya hukihesabu kuwa presha ya juu kikijirudia. Muulize mhudumu mashine yako imewekwa kwenye kipimo gani, na usianze wala kuacha dawa kwa hesabu ya nyumbani.

Hali ya hewa

Taarifa za zamani zilitaja milibar, za sasa hutaja hektopaskali. Usihangaike, namba haibadiliki: milibar 1010 ni hPa 1010. Presha ndogo kuliko maeneo ya jirani huvuta upepo, na kwenye kitovu cha kimbunga, kama Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania Mei 2024, presha hushuka sana. Kama simu yako ina kipima hewa na unaishi nyanda za juu, usishtuke kuona hPa 850. Ni mwinuko wa unapoishi, si dhoruba.

Makosa matatu ya kuepuka

La kwanza ni kuchanganya herufi. M kubwa katika MPa ni milioni moja. M ndogo katika mbar ni sehemu ya elfu. Soma herufi kama ilivyoandikwa.

La pili ni kupoteza nukta. Bar 2.5 na bar 25 zinatofautiana mara kumi. Ukimtumia mtu meseji, andika namba pamoja na kipimo chake.

La tatu ni kulinganisha namba kabla ya kulinganisha vipimo. Weka kwanza vyote kwenye kipimo kimoja, kisha ndipo uamue ipi kubwa.

Ya kunakili kwenye daftari

Bar 1 ni sawa na:
kPa 100
MPa 0.1
hPa au mbar 1,000
kg/cm² 1.02
mita 10.2 za maji
mmHg 750
psi 14.5

Ukiujua mstari huo mmoja, unaweza kutoka kipimo chochote kwenda kingine: badili kwanza kuwa bar, kisha kutoka bar nenda unakotaka.

Yule mjumbe alitupigia tena baadaye. Mabomba yalikuwa bado yako stoo, hayajafukiwa. Alituambia amepiga hesabu mbele ya mkutano wa kijiji kwa simu yake, mita 75 mara 0.098, na ubishi ukaisha palepale. Kilichobaki kilikuwa kuchagua kati ya kubadilisha mabomba ya chini na kujenga tangi la kati, na hilo walikuwa wakilipeleka kwa mhandisi wakiwa na namba zinazozungumza lugha moja.

Nawe kama una kifaa kimeandikwa namba usiyoielewa, tutumie meseji wakati wa kipindi cha asubuhi. Andika namba yote, pamoja na herufi zinazoifuata.